Virginia Apgar, mama aliyefichwa ndani ya fishi ya kila mtoto

Usiku, katika materinite moja ya Tenke, mama amekwisha kujifungua. Mtoto amelazwa juu ya kitambaa kikavu, muuguzi anampangusa kwa nguvu mgongoni, jicho moja kwa mtoto, jicho lingine kwa saa ya ukutani. Baadaye, mikono ikiisha kuoshwa, anakamata kalamu na kuandika juu ya fishi tarakimu tatu: 7, 9, 10. Usiku ukiwa mbaya anaandika 3, 6, 8. Pembeni ya zile tarakimu kuna neno moja lililochapishwa: Apgar.

Akina mama wengi wanaweka ile fishi miaka na miaka ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na karatasi za chanjo na vitenge vya siku kubwa. Wanaojua kusoma wameliona lile neno, lakini wengine wanafikiri ni jina la dawa, wengine wanafikiri ni Kifaransa cha waganga. Hata kati ya wauguzi, wako waliojifunza shuleni kwamba kila herufi inasimamia neno: sura, mapigo, kukunja uso, kujongea na kupumua, kama vile yanavyotajwa kwa Kifaransa. Wanaamini kwamba jina lilitoka kwenye hayo maneno. Kumbe ni kinyume. Jina lilikuwa la mtu kwanza, jina la ukoo la mwanamke wa Marekani, na maneno yalitafutwa baadaye, mwanzo wa miaka ya 1960, na daktari mmoja wa watoto wa mji wa Denver, ili wanafunzi wasisahau. Mwenye jina alipoambiwa habari hiyo alicheka sana.

Virginia Apgar alizaliwa tarehe 7 Juni 1909 katika mji mdogo wa Westfield, New Jersey, si mbali na New York. Nyumba yao haikuwa ya watu wanaokaa kimya. Baba yake, Charles Apgar, alifanya kazi ya bima ili kulisha jamaa, lakini roho yake ilikuwa kwenye darubini ya kutazama nyota na kwenye mashine za radio alizotengeneza yeye mwenyewe nyumbani. Kwa watu wa radio, habari za huyu baba zinastahili kusimama kidogo. Mwaka 1915, vita ya kwanza ya dunia ikiwaka Ulaya na Marekani ikiwa bado haijaingia, kituo kimoja cha Wajerumani huko Sayville, kando ya bahari ya New York, kilikuwa kinatuma usiku habari ambazo juu yake zilionekana ni za biashara tu. Charles Apgar alizinasa sauti zile na kuzihifadhi juu ya silinda za nta, usiku baada ya usiku, kisha akazipeleka kwa serikali. Zilipochunguzwa ilionekana kwamba ndani mlikuwa na maneno ya siri, na serikali ikakikamata kile kituo. Binti yake alikuwa na miaka 6. Alikua akiona kwamba jambo linalopita hewani na kupotea, mtu akiliandika mahali, linaweza kubadilisha mambo.

Ugonjwa pia ulikuwa ndani ya nyumba. Kaka yake mmoja alikufa kwa kifua kikuu angali mtoto, mwingine aliugua siku zote. Virginia alijifunza violini, akacheza michezo ya kila aina, na alisema kwa mbio hata watu walichoka kumfuata. Alisomea elimu ya wanyama katika chuo cha wanawake cha Mount Holyoke. Falanga hazikutosha, kwa hiyo alifanya kazi ndogondogo, mojawapo ikiwa kukamata paka kwa ajili ya maabara. Alimaliza mwaka 1929 na akaingia moja kwa moja shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwezi wa kumi wa mwaka ule ule soko la fedha la New York lilianguka na umaskini ukaenea nchi nzima. Aliendelea kwa kukopa. Alipotoka mwaka 1933, wa nne katika darasa lake, alikuwa na deni la karibu dola 4,000, na hizo zilikuwa falanga nyingi sana wakati ule.

Alitaka kuwa daktari wa kupasua. Alianza, na mikono yake ilikuwa mizuri. Mkubwa wa upasuaji pale, Allen Whipple, alimwita akamshauri aache. Sababu alizotoa zilikuwa mbili. Moja, alikwisha kuwafundisha wanawake wengine upasuaji na aliona hawapati wagonjwa wa kuwaletea mkate. Ya pili, upasuaji wenyewe hautaendelea mbele kama dawa ya usingizi itabaki katika hali iliyokuwa nayo. Ni vigumu leo kujua ni sababu gani ilikuwa nzito zaidi. Ya kwanza ilikuwa dhuluma ya wakati ule iliyovaa nguo ya huruma. Ya pili ilikuwa kweli tupu.

Wakati huo huko Marekani kazi ya kumlaza mgonjwa ilikuwa zaidi ya wauguzi, na madaktari wengi waliidharau. Basi Apgar, daktari aliyemaliza, alikwenda kujifunza kwa wauguzi wa hospitali yake. Ilimsaidia maisha yake yote: hakuwahi kumwona muuguzi kama mtu wa kutumwa tu. Baadaye alikwenda Madison, Wisconsin, kwa Ralph Waters, mwalimu mkubwa wa kazi hiyo, halafu hospitali ya Bellevue, New York. Kulala kulikuwa shida, juu ya makao ya madaktari yalijengwa kwa wanaume. Mwaka 1938 alirudi Columbia na kupewa kuongoza kitengo cha dawa ya usingizi. Miaka 11 alikijenga, mwanzoni karibu peke yake, akiwatafuta wanafunzi na kugombana juu ya mishahara. Mwaka 1949 alipewa cheo cha profesa kamili, mwanamke wa kwanza katika shule ile ya udaktari. Lakini kitengo kilipogeuzwa kuwa idara kubwa yenye mkubwa wake, kiti kilipewa mwanamume. Apgar hakufunga milango kwa kishindo. Alihamia chumba cha kuzalishia, akabaki huko.

Hapo ndipo habari ya tarakimu inaanza.

Katika Marekani ya wakati ule, watoto waliokufa kabla ya kutimiza mwaka walikuwa wanapungua mwaka kwa mwaka. Maji safi, maziwa salama, dawa mpya, vyote vilifanya kazi yake. Lakini vifo vya siku ya kwanza, masaa 24 ya mwanzo, havikupungua sana. Apgar alisimama kichwani mwa mama akimpa dawa, na kutoka pale aliona kitu ambacho wengine hawakukitazama. Mtoto akitoka, macho yote yanabaki kwa mama: damu, kondo, uzi wa kushonea. Mtoto anafungwa kitambaa na kuwekwa pembeni. Akiwa wa bluu, akiwa mlegevu, akiwa hapumui vizuri, mara nyingi alihesabiwa kuwa amekwisha kwenda, na hakuna aliyehangaika naye kwa nguvu. Si kwamba watu walikuwa wabaya. Hakukuwa na jambo lolote lililowalazimisha kumtazama, na hakukuwa na mahali pa kuandika walichoona.

Inasimuliwa kwamba asubuhi moja, katika chumba cha kula cha hospitali, mwanafunzi alimwuliza namna gani mtu anaweza kupima hali ya mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Apgar alijibu kwamba ni jambo rahisi, akavuta kikaratasi kilichokuwa mezani, kile cha kuwaambia watu warudishe sahani zao, na juu yake akaandika mambo matano. Kisha akaondoka mbio kwenda chumba cha kuzalishia kuyajaribu.

Mambo yenyewe ndiyo haya. Moyo: haupigi, 0; unapiga chini ya mara 100 kwa dakika, 1; unapiga 100 au zaidi, 2. Kupumua: hakuna, 0, kwa kusuasua, 1, mtoto analia kwa nguvu, 2. Kujibu akiguswa, kwa mfano mpira wa kunyonya kamasi ukiingia puani: hajibu, 0; anakunja uso, 1; anapiga chafya au analia, 2. Nguvu ya mwili: amelegea kama kitambaa kilicholowa, 0, anakunja kidogo mikono na miguu, 1, anajongea, 2. Rangi: bluu au amepauka, 0; mwili mzuri lakini mikono na miguu ni ya bluu, 1; mwili wote mzuri, 2. Unajumlisha. Kumi ndiyo ya juu. Inafanywa sekunde 60 baada ya mtoto kutoka mzima mzima. Baadaye ikaongezwa ya dakika ya tano, na huku Congo fishi nyingi zina nafasi ya dakika ya kumi pia.

Ukitazama vizuri utaona akili iliyomo. Hakuna mashine hata moja. Hakuna kitu ambacho muuguzi wa usiku, na torshi yake tu, hawezi kukipima. Kitovu chenyewe kinatosha kuhesabu moyo kwa vidole. Na kwa sababu ni tarakimu, mtu wa zamu ya asubuhi anaelewa alichoona mtu wa zamu ya usiku, bila kubishana juu ya maneno kama vizuri kidogo au si vizuri sana.

Alisoma kazi hiyo mbele ya mkutano wa madaktari wa dawa ya usingizi mwaka 1952, na mwaka 1953 ikachapishwa. Jambo moja alilolisisitiza linasahaulika mpaka leo: anayetoa alama asiwe yule aliyemzalisha. Alikuwa amekwisha kuona kwamba aliyezalisha anampenda mtoto wake, anaipenda na kazi yake, kwa hiyo mkono unapanda juu bila yeye kujua. Bora mtu mwingine, aliyesimama na saa. Katika materinite yenye muuguzi mmoja usiku kucha, shauri hilo ni gumu kufuata, na kila mtu wa kazi hiyo anajua hivyo.

Udhaifu mwingine aliukiri yeye mwenyewe tangu mwanzo: rangi. Katika alama zote tano, ya rangi ndiyo iliyompendeza kidogo kuliko zote, maana watoto karibu wote katika dakika ya kwanza wana mikono na miguu ya bluu. Ndiyo maana 10 ya dakika ya kwanza ni nadra, na fishi zenye 10, 10, 10 mfululizo zinamfanya msimamizi akune kichwa. Kwa huku kwetu kuna la zaidi. Maneno ya New York yalisema mtoto awe wa waridi, na mtoto wa Tenke hatakuwa wa waridi. Muuguzi anayejua kazi anatazama ndani ya midomo, ulimi, fizi, na viganja. Anayefuata karatasi kama ilivyoandikwa anaweza kumnyima mtoto mzima alama yake, au, vibaya zaidi, kutoona bluu iliyopo.

Apgar hakuishia kwenye kuhesabu. Alitaka kujua kama ile tarakimu inasema kweli juu ya kinachotendeka ndani ya damu. Pamoja na Duncan Holaday na Stanley James, aliyetoka New Zealand, walipima damu ya watoto. Waliona kwamba mtoto wa alama ndogo ana oksijeni kidogo na asidi nyingi, na kwamba hiyo si hali ya kawaida ya kuzaliwa kama watu walivyodhani, ni hatari ya kutibu pale pale. Waliona pia kwamba gesi moja ya kulaza akina mama, siklopropani, inawalegeza watoto. Hiyo ilikuwa gesi aliyoipenda Apgar kuliko zingine zote. Aliiacha. Wakubwa wa kazi si wengi wanaokubali hesabu yao wenyewe iwahukumu. Mwaka 1964 kazi ya pamoja ya hospitali 12 za Marekani, juu ya watoto 17,221, ilionyesha kwamba alama, hasa ya dakika ya tano, inakwenda pamoja na kuishi au kufa kwa mtoto.

Kutoka hapo tarakimu zikatembea zenyewe. Katika hospitali hiyo hiyo ya New York, miaka ya mwanzo ya 1950, Emanuel Friedman alichora juu ya karatasi jinsi mlango wa kizazi unavyofunguka saa kwa saa. Mwaka 1972 huko Harare, katika nchi iliyokuwa inaitwa bado Rhodesia, Hugh Philpott na Castle waliuchukua mchoro ule na kuongeza mistari miwili: mstari wa onyo na mstari wa kutenda. Shida yao ilikuwa ya huku kabisa: muuguzi aliye katika kituo kidogo, mbali na hospitali, atajuaje ni saa ngapi ya kumpandisha mama kwenye gari? Mchoro ukikata mstari wa kwanza, anza kutafuta gari. Hiyo ndiyo partogramu inayofunzwa katika shule za wauguzi za Congo, na chini yake, mahali pa mtoto, pameandikwa Apgar. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu, mistari ikabadilishwa. Alama ya Apgar ilibaki.

Sasa zimekuja mashine. Katika vituo vingi vya afya vya Congo kazi ya kila siku ingali ya karatasi: rejista kubwa, fishi, partogramu. Mwisho wa mwezi mtu anajumlisha kwa mkono, ripoti inakwenda kwa ofisi kuu ya zone ya afya, na huko inaingizwa katika kompyuta, ndani ya DHIS2, programu iliyokuzwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumiwa na nchi nyingi. Hapo mtoto wa usiku ule, wa 3, 6, 8, amekwisha kuyeyuka ndani ya jumla. Hesabu hiyo inamfaa mkubwa wa zone kujua wapi pa kupeleka dawa na mafunzo. Kwa muuguzi aliyesimama saa nane za usiku haina msaada.

Mashine ya kumsaidia yeye ni nyingine: ile iliyo kando ya kitanda. Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilijaribiwa kalamu ya elektroniki inayoandika juu ya partogramu ya karatasi ile ile. Muuguzi akiweka alama upande wa pili wa mstari wa onyo, kalamu inasema naye. Saa ya kumpima mama tena ikifika, inamkumbusha. Wengine wamejaribu partogramu ndani ya tableti. Mawazo ni mazuri. Mashine haikosei kujumlisha, haikubali 11, haichoki, na maandishi yake yanasomeka hata kama mwandishi alikuwa na usingizi. Kuran ikikatika au rezo ikipotea, hayo ni matatizo ya kweli, lakini betri na karatasi ya akiba vinaweza kuyapunguza.

Tatizo ambalo betri haimalizi ni lingine. Mtoto akitoka hapumui, muuguzi hapaswi kungoja sekunde 60 ili ahesabu alama. Anamkausha, anamsugua, anasafisha njia ya hewa ikihitajika, na kama bado, anaanza kumpulizia hewa kwa mfuko na kinyago kabla dakika ya kwanza haijaisha. Ile wanaiita dakika ya dhahabu. Tanzania, katika hospitali 8, wauguzi na wakunga walifunzwa kufanya hivyo kwa vifaa rahisi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya masaa 24 ya kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Hapakuwa na kompyuta kando ya kitanda. Palikuwa na mfuko wa hewa, mwanasesere wa kujifunzia, na mazoezi.

Maana yake ni kwamba kwa mtoto aliye hatarini, alama ya dakika ya kwanza karibu siku zote inaandikwa baadaye, mikono ikiisha kuwa huru, kwa kumbukumbu. Karatasi inalijua hilo na kunyamaza. Tableti ambayo imetengenezwa vibaya hainyamazi: inadai tarakimu kabla ya kufungua ukurasa unaofuata, au inapiga kelele wakati mikono yote miwili iko juu ya kinyago. Muuguzi afanye nini? Anaweka 8 ili mashine imwache. Kesho yake ofisini ile 8 inaonekana safi kuliko kitu chochote kilichoandikwa kwa kalamu. Vyama vya madaktari wa watoto na wa uzazi vya Marekani kwenyewe vimeandika wazi kwamba Apgar isitumiwe kuamua kama mtoto asaidiwe kupumua, wala isitumiwe peke yake kusema kwamba alikosa hewa. Ni picha ya mtoto alivyokuwa na alivyoitika msaada. Anayetengeneza programu bila kukaa usiku mmoja katika chumba cha kuzalishia atakosea hapo hapo.

Apgar mwenyewe hakungoja. Ndani ya mkoba wake wa mkononi, hata akienda sokoni, alibeba kisu kidogo, mpira wa kupitisha hewa kooni na taa yake, kwa ajili ya mtu yeyote atakayeanguka mbele yake akikosa pumzi. Alivitumia barabarani zaidi ya mara moja.

Mwaka 1959, akiwa na miaka 50, umri ambao wengine wanahesabu pensheni, alikwenda kusoma tena, afya ya jamii, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Alisema takwimu ndizo zinazomtatiza. Hakurudi tena kwenye chumba cha kuzalishia. Shirika la March of Dimes lilimpa kazi ya kuongoza idara ya watoto wanaozaliwa na kasoro. Akawa mtu wa ndege na hoteli, akiwaambia wazazi mambo ambayo zamani yalifichwa kwa aibu: kwamba mtoto aliyezaliwa na kasoro si laana, kwamba rubela wakati wa mimba inaharibu macho, masikio na moyo wa mtoto, kwamba damu ya mama na ya baba ipimwe. Marekani ilipigwa na rubela vibaya mwaka 1964 na 1965, na chanjo ilipopatikana alizunguka kuitetea. Mwaka 1972 alitoa pamoja na Joan Beck kitabu cha wazazi juu ya mambo hayo.

Siku moja mtu wa hospitali fulani alipotambulishwa kwake alishangaa kuona kwamba Apgar ni mtu. Alidhani siku zote ni kitu. Yeye hakukasirika, alifurahi.

Kisha kuna habari ya violini, nayo inamwonyesha mtu huyu kuliko vyeti vyote. Mwaka 1956 alikutana na mgonjwa, Carleen Hutchins, mwalimu aliyetengeneza vyombo vya muziki vya nyuzi. Apgar akaanza kujifunza kwake, usiku, baada ya kazi. Wakatafuta mbao nzuri. Hutchins aliona kwamba rafu ya kibanda cha simu, katika ukumbi wa chini wa hospitali, ni ya mbao ya ajabu, inayofaa kabisa mgongo wa viola. Waliomba, wakakataliwa. Basi usiku mmoja walikwenda na mbao ya kubadilisha, iliyopakwa rangi ifanane. Apgar, profesa mzima, alisimama mlangoni kulinda, na Hutchins ndani ya kibanda na vyombo vyake. Mbao mpya ikawa ndefu kidogo. Hutchins akaenda kuikata kwa msumeno katika choo cha wanawake, na muuguzi aliyepita aliposhangaa na ile sauti, Apgar alimwambia kwamba mafundi siku hizi wanapata nafasi ya kutengeneza vitu usiku tu. Rafu ikatoka. Viola ikatengenezwa. Mpaka mwisho alikuwa ametengeneza vyombo vinne: violini, mezo, viola na selo.

Hakuolewa. Aliishi na mama yake mpaka mama alipokufa mwaka 1969. Alivua samaki, alikusanya tembre za posta, alipenda besiboli, na akiwa mtu mzima tayari alianza kujifunza kuendesha ndege, akiwa na shauku ya kupita chini ya daraja la George Washington. Ini lilimwua tarehe 7 Agosti 1974, akiwa na miaka 65, katika hospitali ile ile alikofanya kazi.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1994, posta ya Marekani ilitoa tembre ya senti 20 yenye uso wake. Mwaka ule ule, mbele ya mkutano wa madaktari wa watoto huko Dallas, wanamuziki wanne walikaa na vyombo vile vinne na kupiga. Mmoja wao alishika ile viola yenye mgongo wa rafu ya simu.